Bi. Tausi na Wasomaji wa Luhindi

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Nyote mlioko Mwanza mjini, Buhongwa, Kisesa na Magu, na mlioko visiwani na ng'ambo ya Busisi, vuteni viti. Anayepika apunguze moto, mboga isije ikaungua halafu nikalaumiwa mimi. Naitwa Teodora Agutu, na jioni hii tunamkumbuka mwanamke mmoja wa mwaloni, kule mitumbwi ya wavuvi inakofikia. Jina lake Bi. Tausi Masalu. Bi. Tausi Masalu wa mwalo wa Luhindi.

Bi. Tausi ametutoka wiki mbili zilizopita. Najua mmeuliza mbona redio imekaa kimya. Mzee mmoja alifunga safari kutoka Kigongo mpaka mlangoni hapa studio. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba shingo upande, kisha akaniambia, "Binti, nyie akifa mwenye kiwanda mnatangaza siku hiyo hiyo." Alinipata, siwezi kukataa. Lakini safari hii tumechelewa kwa makusudi. Sababu nitawaambia kabla hatujaachana.

Kwanza mjue alikuwa nani. Bi. Tausi alikuwa mwalimu wa Kurani. Aliwafundisha wavuvi wa dagaa kusoma Kurani, mchangani, chini ya turubai lenye viraka. Wavuvi, wake zao, na watoto wao. Alizaliwa Kisesa, binti wa Mzee Masalu, Msukuma aliyesilimu akiwa mpishi wa mwenye duka mmoja kule Magu. Mzee Masalu mwenyewe hakujua hata herufi moja. Ila kila alfajiri, akikoroga uji wa watu, alisikia watoto wa mwenye duka wakisoma, akaapa kuwa binti yake naye atasoma. Akamtafutia mwalimu. Tausi akahitimu msahafu mzima kabla hajaolewa.

Akaolewa na mvuvi, marehemu Seif Nkwabi, wakahamia Luhindi, mwendo mfupi tu kutoka kivuko cha Kigongo. Kwa asiyepajua, Luhindi ni mchanga, mitumbwi, vibanda, na dagaa walioanikwa mpaka huoni pa kukanyaga. Ukienda asubuhi, harufu yake unarudi nayo nyumbani, na mumeo atajua ulikuwa wapi. Wanaishi hapo Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Waha waliotoka Kigoma, na Wajaluo wa Mara kama mimi. Wakristo ni wengi, Waislamu ni wachache, na wapo ambao Mungu peke yake ndiye anayejua wanasali wapi.

Sasa shikeni jambo moja, maana nitalirudia. Luhindi wanaishi kwa kuutazama mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga wa karabai. Mbalamwezi ikiwaka, karabai haina kazi, dagaa hawaifuati. Kwa hiyo wakati wa giza wanaume wote wako ziwani usiku kucha, na mchana wamelala fofofo. Mbalamwezi ikija, mitumbwi inapumzika. Wanashona nyavu, wanacheza bao, wanagombana na wake zao. Giza ni kazi. Mbalamwezi ni mapumziko.

Jambo la pili ni desturi yao ya msiba. Mtu akifa pale mwaloni, mwenyekiti wa mwalo anakwenda mchangani na kuufunika mtumbwi wake, tumbo juu. Haitishi mkutano wala hapigi filimbi. Kila anayeuona mtumbwi wa mwenyekiti umefunikwa anakwenda kufunika wa kwake, na hakuna anayeingia ziwani mpaka maiti azikwe. Hata kama ni giza, na dagaa wamejaa. Mwenyekiti huyo ni Mzee Jairo Okeyo, Mjaluo, Mkristo wa kanisa la kila Jumapili, na jirani wa Bi. Tausi wa mlango kwa mlango. Yeye alimwita Mama Mwamini, kwa jina la binti yake.

Mwaka 1991 Bi. Tausi alikwenda Kisesa kumuuguza mama yake. Huku nyuma, ziwa likamchukua kijana mmoja wa Ujiji, Hashimu, aliyekuwa mgeni pale mwaloni. Walipompata, mitumbwi ikafunikwa. Hashimu alikuwa Mwislamu, na msomaji wa Kurani pale Luhindi alikuwa mmoja tu, naye yuko Kisesa. Wakatuma mtu mjini kutafuta sheikh. Mvua ikanyesha, barabara ikakatika, na maiti aliyetoka majini hasubiri. Ikabidi wazike.

Mzee Okeyo amenisimulia mwenyewe. "Tulisimama pale kaburini tunatazamana," alisema. "Waislamu waliokuwepo hawakujua la kusoma. Sasa mtu unamfukiaje kimya kimya kama mbwa? Nikaanzisha wimbo wetu wa kanisani. Tukamwimbia. Mama Mwamini aliporudi nilimwendea mwenyewe, nikamwambia, mama, tumemzika mwenzenu kwa wimbo wetu, utusamehe, hatukuwa na mwingine."

Bi. Tausi hakukasirika. Alimshika mikono yote miwili, akamshukuru. Lakini usiku ule, anasema binti yake Mwamini, hakula. Asubuhi akamwambia, "Mwanangu, msomaji mmoja mwaloni ni sawa na kasia moja kwenye mtumbwi. Leo nilikuwa Kisesa. Nikifa je, nani atanisomea mimi?"

Nani atanisomea mimi. Hilo ndilo swali lililoanzisha darasa la Luhindi.

Alianza na watoto, wakaja mama zao, kisha wavuvi wenyewe, kwa aibu, wakijifanya wamekuja kumchukua mtoto. Ubao wa kwanza ulikuwa ubavu wa mtumbwi mbovu, uliopakwa masizi ya karabai. Na herufi alizifundisha kwa lugha ya pale pale. Alifu ni kasia lililosimamishwa. Be ni mtumbwi, na nukta ya chini ni jiwe la nanga. Te ni mtumbwi wenye watu wawili. The, watu watatu. Mwanafunzi mmoja, Sudi Chenge, mvuvi mwenye kifua kama mlango, akauliza, "Bi. Tausi, sisi mtumbwini huwa wanne. Wa nne yuko wapi?" Akamjibu, "Wa nne ni wewe, umebaki nchi kavu kwa maswali yako."

Huyo Sudi aliwahi kuniambia kitu. Alisema aliponyoka shule darasa la tatu kwa sababu ya fimbo. Kwa Bi. Tausi alikuwa na miaka zaidi ya thelathini, akikosea ra na lamu kwa ulimi wetu huu wa kanda ya ziwa, na Bi. Tausi alikuwa anacheka naye mpaka anapatia. "Hakunicheka," alisema. "Alicheka na mimi."

Na darasa lilifuata mwezi. Kwenye giza halipo, wanaume wamelala, wake zao na watoto wanaanika dagaa. Kwenye mbalamwezi, kila siku baada ya sala ya alasiri, turubai limejaa.

Wasikilizaji wapendwa, ndipo chuo kikuu kinapoingia. Mwaka 1993 alifika mwaloni mhadhiri kijana kutoka Dar es Salaam, Gosbert Byabato, Mhaya, Mkatoliki, aliyewahi kusoma seminari. Alikuwa anazunguka ufukweni kuona nani bado anajua kusoma, maana madarasa ya watu wazima ya zamani yalikuwa yamekufa karibu kila mahali. Mialo mingine aliambiwa waliojua wamesahau. Luhindi akakuta wavuvi wanasoma gazeti lililofungia chumvi. Akauliza mmejifunza wapi. Wakamwambia, kwa Bi. Tausi. Waliozoea herufi za Kurani, hizi za a, e, i, o, u waliziomba wenyewe, na Mwamini akawa anawafundisha mama yake akichoka.

Byabato alifika kwenye mbalamwezi. Darasa lilikuwa limejaa. Akarudi Dar es Salaam akiwa amewehuka kwa furaha, akaishawishi idara yake isaidie. Idara ikakubali. Yakaja mabenchi, ubao wa kweli, chaki, na sanduku la bati lenye juzuu thelathini, yaani msahafu mzima uliogawanywa vitabu vidogo vidogo. Hayo ni matumizi ya hitma. Watu thelathini wakikaa, kila mmoja akasoma juzuu yake, Kurani nzima inasomwa kwa kikao kimoja. Bi. Tausi alilipapasa sanduku lile kama mtoto mchanga. Akasema, "Siku moja sanduku hili litakuwa tupu, na Kurani yote itasomwa Luhindi kwa mpigo." Wakati huo wasomaji waliokomaa hawakufika hata nusu.

Mnakumbuka miaka hiyo ilivyokuwa. Soko huria limeingia, malori ya barafu ya viwanda vya sangara yanapishana barabarani, mitumba imejaa, kila kitu ruksa. Na vyuo navyo vikaanza kuulizwa, hiki mnachofanya kinaonekana wapi? Mwaka 1995 mkuu wa idara akasema atakwenda Luhindi kulikagua darasa kwa macho yake. Kama halipo, msaada unakoma. Byabato akamwandikia Bi. Tausi, tarehe hii inafaa? Bi. Tausi akajibu, karibuni sana.

Tarehe ile ilikuwa giza totoro.

Alijua. Mwamini anasema alimwambia, "Mama, siku hiyo hakuna mwanafunzi, waambie wasogeze mbele." Mama akamtazama kama aliyetukana. "Mgeni hapangiwi siku," akasema. "Mtu anatoka Dar es Salaam kuja kwangu, nimwambie leo sikutaki, njoo kesho?" Ndivyo alivyolelewa. Ndivyo tulivyolelewa wengi wetu, na sijui ametuponza mara ngapi huyu mgeni asiyepangiwa siku.

Siku moja kabla, Mzee Okeyo akamfuata. "Mama Mwamini, tusihangaike. Kesho alfajiri nafunika mtumbwi wangu. Watu watabaki nchi kavu, watakaa kwenye mabenchi, wageni wataona, jioni naufunua."

Bi. Tausi alikataa katakata. "Okeyo, mtumbwi unafunikwa kwa maiti. Mimi bado nakunywa uji."

"Ni uongo mdogo tu, mama."

"Siwezi kufundisha Kurani kwa uongo mdogo. Wakiondoa msaada, waondoe. Turubai ni langu."

Wageni wakafika. Mabenchi yalikuwa matupu. Palikuwa na Bi. Tausi, vikongwe wawili, na mbuzi amefungwa kwenye mguu wa ubao. Mkuu wa idara akafungua sanduku la bati. Juzuu zote thelathini zimo, zimepangwa, zinang'aa. Akauliza, wanafunzi wako wapi? Bi. Tausi akajibu, wamelala, usiku walikuwa kazini. Yule bwana akasema kwa upole, "Mama, hivi vitabu havijaguswa." Havikuwa vimeguswa kweli, kwa sababu Bi. Tausi alikuwa anavitunza kwa hiyo siku ya hitma, na darasani walitumia vile vya zamani vilivyochanika. Mimi ningemjibu huyo bwana mpaka asahau njia ya kurudi Dar es Salaam. Bi. Tausi alimkaribisha chai.

Msaada ukakoma. Byabato alibaki nyuma, amekaa kwenye benchi, kichwa mikononi. Nimeongea naye kwa simu wiki hii, na akaniruhusu niyaseme haya. Alimuuliza Bi. Tausi kwa nini hakusema. Akapewa jibu lile lile, mgeni hapangiwi siku. "Nikamwambia, mama, mimi si mgeni wako tena. Mimi nipangie siku. Akaniambia, basi njoo mwezi ukishajaa, mwanangu."

Tangu hapo, kila likizo, Byabato alikuja bila idara, kwa nauli yake, mbalamwezi ikiwa angani. Alileta madaftari na chaki. Pale Kigongo walimzoea. Wabeba mizigo walikuwa wakimwona na begi lake wanamtania, "Padri wetu, bado hujasilimu tu?" Naye anawajibu kwamba Bi. Tausi ameshamkatalia, amesema darasa limejaa. Na kila akifika, Bi. Tausi humuuliza, "Wakubwa zako wataniamini lini?" Ulikuwa utani, lakini Mwamini anasema ulimuuma. Sanduku lilikaa ndani, limefunikwa kitambaa. Wanafunzi waliongezeka mwaka hadi mwaka, na hitma haikufanyika. Kila mbalamwezi akitaka kuipanga, wengine wamekwenda kwao kulima, wengine wamehamia mialo mingine kufuata dagaa. Hawakukutana wote hata mara moja.

Mwaka huu wa 1998, katikati ya mvua hizi zisizoisha, Bi. Tausi alishikwa na homa. Haikuchukua muda. Alfajiri ya Jumanne akamuomba Mwamini amgeuze aelekee kibla, na akatutoka. Ilikuwa giza. Wavuvi walikuwa ndiyo wanarudi kutoka ziwani.

Mzee Okeyo anasema hakulia kwanza. Alikwenda mchangani, akaushika mtumbwi wake peke yake, mzee wa umri ule, akaufunika. "Nilimwambia, haya, Mama Mwamini, sasa naruhusiwa." Hapo ndipo alipolia.

Waliokuwa wanafika nchi kavu waliuona. Wakashusha dagaa, wakafunika. Habari ikapita mwalo hadi mwalo, na waliohamia wakaja, na waliokwenda kulima wakaja wakiwa na matope miguuni. Byabato alikuwa Mwanza kwa semina, akapata habari saa tatu, akavaa viatu vya mjini akakimbilia Luhindi. Akakuta ufuko mzima umejaa mitumbwi iliyofunikwa.

Mwamini alikuwa amelitoa sanduku la bati na kuliweka mlangoni. Wanaume walikaa nje chini ya turubai, wanawake ndani pamoja na marehemu. Sudi Chenge ndiye aliyeanza. Yule aliyemuuliza wa nne yuko wapi. Alichukua juzuu, akafuata mwingine, akafuata mwingine, wanawake wakapitishiwa za kwao ndani. Wakristo walisimama pembeni na Mzee Okeyo, kofia mkononi. Luhindi yote ikawa inasoma.

"Nililiendea sanduku," Byabato aliniambia. "Sijui kusoma Kurani, nilitaka tu nishike kimoja, niwe na kitu mkononi. Nikafungua. Lilikuwa tupu." Kisha akasema, "Idara ilikuja Luhindi kuhakikisha kama wanafunzi wapo. Wapo, Teodora. Nimewaona wote."

Kurani nzima ilisomwa kabla ya adhuhuri. Jioni Bi. Tausi alizikwa, jirani na kaburi la Hashimu wa Ujiji. Na Sudi, baada ya dua, aligeukia kaburi lile la pili, akalisomea nalo. Halafu Mzee Okeyo akaomba ruhusa, na wale wa kanisani wakaimba wimbo ule ule wa mwaka 1991. Mwamini anasema hakuna aliyeona vibaya.

Wasikilizaji wapendwa, niliahidi kuwaambia kwa nini tumechelewa. Bi. Tausi amefariki kwenye giza. Tungetangaza wiki ile, watu wa Luhindi wangekuwa ziwani, na kipindi hiki wangekisikia watu wote isipokuwa wao. Leo mwezi umejaa. Chungulia nje hapo ulipo, utauona. Mitumbwi iko mchangani, na najua redio ya Mzee Okeyo imewashwa, maana betri nimemtumia mimi. Shikamoo, Mzee.

Kwa niaba ya redio hii natoa pole kwa Mwamini, kwa wajukuu, kwa ukoo wa Mzee Masalu kule Kisesa, kwa ukoo wa Nkwabi, na kwa mwalo wote wa Luhindi. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu, ampe kauli thabiti, na awape subira. Pole na kwako, Gosbert. Na mkuu wa idara, kama redio hii inafika huko, kesho alasiri darasa lipo. Anafundisha Mwamini, na Sudi Chenge anasaidia.

Nanyi mnaonisikiliza nawaachia la kufikiri. Kila mmoja wetu ana kitu anachokijua ambacho pale alipo hakuna mwingine anayekijua. Dawa, wimbo, kusuka wavu, kumuosha maiti. Tunajivunia kuwa wa pekee. Bi. Tausi alipogundua kuwa yeye ni wa pekee, hakula usiku ule. Wewe umemfundisha nani?

Mwaka jana nilikwenda Luhindi na kinasa sauti changu. Nikamuuliza, Bi. Tausi, siku moja tukikutaja redioni, tuseme nini? Alikuwa anageuza dagaa, hata hakuinua kichwa. "Usiseme habari zangu," akanijibu. "Sema tu kwamba Luhindi kuna wasomaji."

Haya, Bi. Tausi. Nimesema.